Kaole na Bagamoyo kwa siku moja: tuanzie wapi, na tumuulize nini mwongoza watalii?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kaole na Bagamoyo pamoja na shangazi yangu na wanangu wawili, tukiwa na mwongoza watalii mzaliwa wa Bagamoyo ambaye tulikubaliana naye malipo ya siku nzima. Ilikuwa safari yangu ya pili ya namna hiyo. Ya kwanza niliifanya miaka kadhaa iliyopita katika basi lililojaa watu, na mtembezaji wa siku ile, ambaye hakuwa mwenyeji, alitupitisha mbio kwenye vituo saba kabla ya chakula cha mchana, akatueleza kwamba Livingstone alifia Bagamoyo, na tulipofika kwenye magofu ya Kaole akasema tu kwamba Waarabu walijenga wakaondoka. Maneno hayo mawili yote si kweli, na nilikaa nayo kichwani kwa muda mrefu kabla ya kuyarekebisha. Safari hii nilitaka wanangu wasibebeshwe mzigo huo, kwa hiyo nilisoma kwanza, nikachagua mwenyeji, na nikaomba ratiba igeuzwe.

Naomba nieleze kwa nini niliomba igeuzwe, kwa sababu hiyo ndiyo hoja ya uzi huu. Bagamoyo iko takriban kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na magofu ya Kaole yako kilomita tano hivi kusini ya mji wenyewe, upande ule tunaotokea sisi wa Dar. Watembezaji wengi huanzia mjini, wakamaliza ngome, boma na misheni, kisha hufika Kaole saa nane mchana, jua likiwa la utosi na watoto wamechoka, wakakaa dakika ishirini. Matokeo yake ni kwamba mgeni huanza kusikia habari ya mahali hapa kuanzia kwa Wajerumani na wamisionari, halafu mwishoni huoneshwa mawe ya watu waliotangulia kwa karne nyingi, kana kwamba ni nyongeza.

Ukianzia Kaole, mambo hujipanga yenyewe. Kaole ilikuwa bandari yenye misikiti ya mawe tangu karne ya 13. Baadaye tope na mikoko viliziba njia ya maji, na shughuli zikasogea kaskazini hadi Bagamoyo, ambako majahazi yaliweza kupanda ufukweni. Bagamoyo nayo ikakua kwa pembe za ndovu na misafara ya bara hadi Wajerumani wakaifanya makao yao makuu, lakini maji yake ni ya kina kifupi na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali, hivyo mwaka 1891 makao yakahamishiwa Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Bahari ndiyo iliyoamua mara zote mbili. Jioni unaporudi Dar unakuwa umefuata njia ile ile ambayo miji hiyo ilirithishana.

Nitaendelea na Kaole katika chapisho linalofuata.

Mwanzisha uzi

Tuliondoka Mwenge saa kumi na mbili asubuhi kwa gari dogo, tukawa tumefika getini kabla ya saa mbili. Wakati huo upepo ni wa baridi na hakuna mtu mwingine. Lipo jumba dogo la makumbusho lenye vigae vya vyombo vya kutoka China, shanga na vitu vingine vilivyofukuliwa, na ushauri wangu ni kulipitia kwanza, kwa sababu vigae hivyo vitakusaidia kuyaelewa makaburi.

Eneo lenyewe lina mabaki ya misikiti miwili na makaburi mengi, vyote vikiwa vya mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua hapa mwaka 1958. Mwongoza wetu hakuanza na tarehe. Alianza na chokaa: matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa hadi yawe meupe na mepesi, kisha humwagiwa maji na kuachwa yakae muda mrefu kabla ya kutumika. Alimpa mwanangu mkubwa kipande kilichokuwa kimeanguka chini akakisugua kwa kidole, na mtoto akaona ndani yake ganda dogo la konokono wa baharini, zima kabisa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba ukuta ule ulitoka baharini.

Tulipofika kwenye msikiti wa kale, shangazi alivua viatu kabla ya kuvuka kizingiti. Paa halipo, chini ni mchanga na majani makavu, na hapakuwa na mtu aliyemwambia afanye hivyo. Alisimama mbele ya mihrabu kwa muda, kisha akasema kwamba kibla ni ile ile anayoielekea kila siku nyumbani kwake Magomeni. Mwongoza alikaa kimya hadi alipomaliza. Kwa adabu hiyo peke yake nilijua kwamba tumempata mtu anayefaa.

Makaburi ndiyo yaliyowashika watoto. Baadhi yana nguzo ndefu za mawe zilizosimama upande wa kichwani, na kwenye nguzo kuna mashimo ya mviringo. Mdogo aliuliza kwa nini kaburi lina macho. Mashimo hayo yalikuwa yamepachikwa mabakuli ya kaure ya kijani kutoka China, yaliyoletwa na majahazi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, nayo mengi yamebanduliwa na kuondolewa. Bakuli aliloliona makumbusho nusu saa kabla ndilo lililomfanya aelewe jibu. Waliozikwa chini ya nguzo za namna hii walikuwa watu wenye hadhi, na mwongoza alitueleza habari za madiwani wa Kishomvi, ambao walitawala pwani hii, wakaoana na Wazaramo na kupatana nao kuhusu ardhi na ushuru. Kwa hiyo msemo wa "Waarabu walijenga wakaondoka" unafuta ukoo mzima wa watu ambao wajukuu zao bado wanaishi kilomita chache kutoka hapo. Wageni walikuja, walioa, walifanya biashara na wengine walizikwa hapo, lakini mji wa Kaole ulikuwa mji wa Waswahili.

Hata Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipovuka kutoka Unguja mwaka 1857 kuanza safari yao ya kwenda maziwa makuu, walitua Kaole, ambako Sultani wa Zanzibar alikuwa ameweka kikosi cha askari wa Kibaluchi. Habari ya mbuyu unaosemekana kumwongezea miaka anayeuzunguka tuliisikia, watoto wakauzunguka, tukaendelea.

Mwisho wa matembezi mwongoza alitupeleka ukingoni mwa mikoko, akatuomba tusikilize. Hapakuwa na sauti ya mawimbi. Tulisikia ndege na kaa wanaochokora tope. Hiyo ndiyo bandari.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ahsante sana, ndugu. Mimi ni mtu wa Tanga na nimefurahi kuona nguzo zikizungumzwa kwa uzito unaostahili. Kwetu tuna Tongoni, kilomita 17 kusini ya mji wa Tanga, ambako kuna msikiti mmoja na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka na ni chache sana zilizobaki wima. Wareno walipafahamu kwa jina la Mtangata, na Vasco da Gama aliichoma moto meli yake moja karibu na hapo mwaka 1499 baada ya kubaki na mabaharia wachache mno.

Swali langu ni kuhusu mashimo hayo. Kwetu tunaambiwa kwamba mabakuli yaliibwa na wageni wa enzi za ukoloni, lakini wazee wengine husema hata vijana wa karibu waliyabandua. Mwongoza wenu alisemaje?

Mwanzisha uzi

Alikubali yote mawili, na aliongeza jambo la tatu, kwamba mvua na mizizi nayo imeangusha mengi. Sikuona haja ya kumbana zaidi. Ila ulichosema kuhusu Tongoni kinaniongezea hamu, na kwa yeyote anayetaka kulinganisha, nguzo za makaburi zipo pia Malindi na Gede huko Kenya, jambo linaloonesha kwamba huo ulikuwa mtindo wa pwani nzima.

Sasa niingie mjini.

Tulifika Bagamoyo saa nne na nusu, tukaacha gari karibu na Ngome Kongwe. Jengo hilo lilianza mwaka 1860 kama nyumba ya mfanyabiashara Abdallah Suleiman Marhabi, baadaye likatumiwa na askari wa Sultani Barghash, kisha Wajerumani, kisha Waingereza waliolifanya gereza. Nawashauri mwende juu ya paa, kwani kutoka hapo mnaona ufuko na mnaelewa kwa nini meli haikuweza kusogea: maji yakitoka, bahari hurudi mbali sana na majahazi hubaki yamelala ubavu mchangani.

Katika mtaa wa nyumba za kale mwongoza alituingiza kwenye gofu moja lisilo na mlango, akatuonesha upana wa chumba. Ni chumba kirefu lakini chembamba. Sababu ni boriti za mkoko zinazobeba dari, ambazo urefu wake unaofaa kwa kazi hiyo hauzidi mita tatu hivi, kwa hiyo tajiri na asiye tajiri wote walijenga vyumba vya upana mmoja, na utajiri ukaoneshwa kwenye mlango. Milango yenyewe iliyobaki ni michache, na kila mmoja uliouzwa na kung'olewa umeacha tundu la matofali ya saruji ambalo linaumiza macho.

Boma la Wajerumani lilijengwa kati ya mwaka 1895 na 1897, yaani baada ya makao makuu kuhama, na liliendelea kuwa ofisi ya serikali kwa miaka mingi. Ni jengo kubwa na zuri. Nyumba ya Liku, ambayo ndiyo iliyotumika kabla yake, watu huipita bila kuitazama. Lipo pia jengo la forodha ufukweni, posta ya zamani, na mnara mdogo wa ulinzi wa mwaka 1889 wakati Hermann von Wissmann alipoleta jeshi kuzima upinzani wa watu wa pwani.

Upinzani huo ndio niliotaka wanangu wausikie. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kuchukua forodha na kupandisha bendera yake, pwani nzima iliwaka. Abushiri bin Salim aliongoza watu kutoka Pangani na kuishambulia Bagamoyo, na Bwana Heri alipigana upande wa Saadani. Watembezaji hupenda kusimulia karamu ya tarehe 4 Desemba 1889, mpelelezi Stanley alipofika Bagamoyo kutoka bara na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudan, ambapo Emin alianguka kutoka ghorofani usiku huo huo na karibu afe. Ni kisa cha kweli na kinavutia. Lakini siku 11 baadaye, tarehe 15 Desemba, Abushiri alinyongwa Pangani, na sikuwahi kumsikia mtembezaji wa basi letu la kwanza akilitaja jina lake.

Tulimaliza sehemu hiyo kwenye makaburi ya Wajerumani na mahali pa kunyongea. Makaburi yamezungushiwa ukuta, yamefagiwa, na kila moja lina jina la aliyezikwa na tarehe yake. Mahali pa kunyongea pana jiwe la kumbukumbu linaloeleza kwamba hapo Waafrika waliopinga utawala huo walinyongwa, na halina jina hata moja. Mwanangu mkubwa, ambaye yuko darasa la saba, alisoma jiwe hilo mara mbili akauliza majina yako wapi. Nimeuliza swali hilo hilo tangu nilipokuwa na umri wake.

Mchangiaji kutoka Kigoma

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika vizuri, lakini hadi hapa hujasema lolote kuhusu sisi watu wa mwisho wa njia. Msafara uliotoka Bagamoyo ulikwenda Tabora na kuishia Ujiji, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200, na hapa Ujiji bado tuna miembe ambayo wazee huihusisha na njia hiyo. Je, mwongoza alieleza habari za wapagazi? Na je, alisemaje kuhusu jina la Bagamoyo, maana nasikia kila mwaka likielezwa kwa namna ya kuhuzunisha peke yake?

La pili, kama mlifika Bagamoyo bila kulitaja jina la Sheikh Ramiya, naomba mrudi.

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa kunisukuma, kwa sababu hayo mawili ndiyo kiini cha nilichokuwa nataka kusema.

Kuhusu jina. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba watumwa walipofika hapo walibwaga moyo kwa kukata tamaa, wakijua kwamba ng'ambo ya maji hakuna kurudi. Maelezo mengine ni kwamba wapagazi, waliotembea miezi na mzigo begani, walipoiona bahari walibwaga mizigo na mioyo ikatua. Mimi naomba tukiulize Kiswahili chenyewe. Aliyekata tamaa huvunjika moyo, hufa moyo, au moyo wake huingia baridi. Kubwaga ni kukitupa chini kile kilichokuwa kikikuelemea, na anayebwaga mzigo hupumzika. Sisemi kwamba sarufi pekee inamaliza mjadala wa kihistoria, lakini mtembezaji anayetoa maelezo ya kwanza bila kutaja ya pili anamnyima mgeni nusu ya mji.

Sisemi hivyo ili kupunguza habari ya utumwa. Watu waliofungwa minyororo walipita Bagamoyo, wengine wakavushwa hadi Unguja na wengine wakabaki kutumikishwa kwenye mashamba ya pwani hii hii, na biashara hiyo kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, ingawa haikukoma siku hiyo. Bandari kuu ya kusafirisha watumwa, hata hivyo, ilikuwa Kilwa Kivinje. Kilichoijenga Bagamoyo zaidi ni pembe za ndovu, na pembe zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliokuwa watu huru waliopatana ujira, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Walikaa kambini Bagamoyo wakisubiri mzigo wa kurudi nao, yaani nguo, shanga na waya, na kwa msimu fulani walikuwa wengi kuliko wenyeji. Kwenye jengo la Caravan Serai, ambako misafara ilipangwa, nilimwomba mwongoza akae chini nasi aeleze hayo peke yake, bila haraka. Alisema ni mara chache sana watalii humwomba hivyo. Kwa watoto niliweka mfuko wa kilo tano wa mchele begani kwa kila mmoja, tukatembea kutoka hapo hadi jengo la forodha. Wamekumbuka.

Kuhusu Sheikh Ramiya, nakiri kwamba hatukwenda kaburini kwake siku ile kwa sababu ya muda, lakini jina lilitajwa, na shangazi ndiye aliyelitaja kabla ya mwongoza. Yahya bin Abdallah, ndilo jina lake, alizaliwa Manyema, mashariki mwa Kongo, akaletwa pwani mtoto akiwa mtumwa, akaingia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Huko alijifunza elimu ya dini, akawa huru, akafanya biashara na kununua mashamba, na mwishowe akawa kiongozi mkubwa wa tariqa ya Qadiriyya, yaani njia ya Kisufi, ambaye hata waungwana wa mji walimwendea kwa elimu na dua. Alifariki mwaka 1931. Mtu aliyefika Bagamoyo kama mali ya mtu mwingine ndiye ambaye mji humkumbuka kwa heshima kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Sijui habari nyingine ya mji huu inayonigusa kama hiyo, na sielewi kwa nini haimo kwenye kila ziara.

Nami naongeza la tatu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Bagamoyo. Aliandika kwa Kiswahili, kwa mkono wake, kuhusu desturi za Waswahili: uzazi, jando, harusi, ngoma, maziko, deni na ujirani. Maandishi hayo yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uangalizi wa msomi Mjerumani Carl Velten, na yeye mwenyewe alifundisha Kiswahili Berlin, ambako alifariki mwaka 1927. Kila anayesoma uzi huu anatumia lugha ambayo mtu huyo aliiheshimu kiasi cha kuiandika kwa kina zaidi ya karne moja iliyopita. Nilitafuta kibao chenye jina lake mjini nisikione.

Mwongoza wetu alinikumbusha pia Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kiismailia, ambaye mwaka 1892 alitoa jengo lake la ghorofa kwa serikali kwa sharti kwamba liwe shule ya watoto wa rangi zote. Wakazi wa Dar mnalijua jina hilo kutokana na wodi ya Sewahaji pale Muhimbili.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Amani kwenu. Naomba mwanzisha uzi aeleze na misheni, kwa sababu sisi wa Morogoro imani yetu ilipitia hapo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka hapo walisogea bara hadi Mhonda na kwetu. Nilipokwenda na kwaya yetu tuliimba kwenye ile barabara ya miembe, lakini tulipofika kwenye mnara wa kanisa la kale la misheni tulielezwa habari za Livingstone tu.

Mwanzisha uzi

Tulifika misheni saa tisa alasiri, na kivuli cha miembe wakati huo ni rehema. Makumbusho yao yametunzwa vizuri na mhudumu alijibu maswali yetu kwa subira. Walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wakafungua mashamba, na walipigwa na kipindupindu kisha na kimbunga cha mwaka 1872 kilichobomoa walichokuwa wamejenga. Tembeleeni makaburi yao muangalie umri wa waliozikwa. Wengi walikufa wakiwa vijana sana. Kwenye mbuyu ulio karibu kuna kipande cha mnyororo ambacho mti umekimeza. Inasimuliwa kwamba mama mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa, alimfunga punda wake hapo akauacha mnyororo. Watalii wengi hupewa picha kwamba ni mnyororo wa watumwa, na mhudumu wa makumbusho aliwasahihisha wenzetu waliokuwa mbele yetu kwa upole.

Sasa mnara. Livingstone hakufia Bagamoyo. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai, wakaubeba kwa miguu hadi pwani kwa muda wa miezi tisa. Walifika Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874, mwili ukalazwa kanisani usiku mmoja, na kesho yake meli ya Kiingereza ikauchukua. Waliouongoza msafara huo ni Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, na James Chuma, Myao, na miongoni mwa waliosafiri nao alikuwemo Halima, mwanamke aliyekuwa mpishi wa marehemu. Baada ya kukabidhi mwili, Susi na Chuma hawakupandishwa kwenye meli hiyo. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, nao wakafikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Shangazi alikaa kwenye benchi chini ya mnara akaniomba nirudie majina yale matatu. Kisha akawarehemu mmoja mmoja, kama anavyowarehemu wazazi wake. Kwaya yenu ikirudi, ndugu yangu, mwombeni mwongoza awape majina hayo kabla ya la mzee mwenyewe.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Nimesoma yote. Nina mama mwenye miaka 74 na nataka kumpeleka. Naomba mambo ya vitendo: miguu yake ni mizito, na sina gari.

Mwanzisha uzi

Panda basi dogo la Bagamoyo pale stendi ya Makumbusho, hapo hapo Dar, mapema asubuhi, kisha stendi ya Bagamoyo uchukue bajaji ya kukupeleka Kaole na kukusubiri. Patana bei kabla ya kupanda. Kaole hakuna ngazi za kumsumbua mama, ila njia ni ya mchanga na mizizi, hivyo viatu vya kufunga vinafaa kuliko ndala. Paa la Ngome Kongwe mwache apumzike chini. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, basi hakikisha una salio kwenye simu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za Kaole hujaa tope. Beba kanga ya ziada, kwa sababu mnapita misikitini, makaburini na kanisani siku moja. Na usikubali vituo zaidi ya vitano. Sisi tulikuwa na sita na cha sita kiliharibika kwa uchovu.

Mchangiaji mkazi wa Bagamoyo

Nimepitishiwa uzi huu na ndugu yangu aliye Dar. Nashukuru kwa namna ulivyotuandika. Nina marekebisho mawili ya mwenyeji. Kwanza, mkimaliza Kaole msikimbilie ngome. Nendeni kwanza soko la samaki, lililo jirani na jengo la forodha, muone samaki wakinadiwa mchangani na majahazi yakipakua, kwa sababu ufuko huo haujawahi kuacha kazi tangu enzi za misafara, na wageni hudhani mji wetu ni magofu matupu. Pili, kwa Sheikh Ramiya msiende mkiwa kundi kubwa na kamera mbele. Njooni watu wachache, muulizie kwa wazee wa msikitini, mtapokelewa.

Mwanzisha uzi

Nimeyapokea yote mawili, ndugu yangu, na la soko linanionesha kosa langu, kwa sababu nilipita hapo nikiwatazama watoto na mifuko yao ya mchele, nisiwatazame wavuvi.

Tutarudi baada ya masika, mimi na shangazi peke yetu. Ameshanunua ubani, na amesema tuswali Adhuhuri Bagamoyo tusiswalie njiani.